Kasuku wa Kutazamwa, Kasuku wa Kushikwa

Kinda wa cherero aliyelelewa kiotani na wazazi wake, kisha akahamishiwa kwenye tundu la sebuleni akiwa na miezi miwili au mitatu, hana sababu yoyote ya kumpenda binadamu. Mkono ukiingia kwenye kilango, yeye hukimbilia pembe ya mbali, akajibana kwenye waya na kuhema. Mkono ukizidi kumkaribia, huuma. Mdomo wenyewe ni mdogo, lakini umeumbwa kupasua mbegu na kubangua magome, na ngozi ya kidole haiuwezi. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba hawa ndio ndege wa mapenzi hutazama damu na kujiona ametapeliwa.

Hakutapeliwa na ndege. Biashara ya cherero ina zaidi ya karne moja na nusu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyemtazamia ndege huyu apande begani au aje kidoleni akiitwa. Alinunuliwa ili atazamwe. Matarajio ya kumshika yalikuja baadaye sana, na yalikuja kwa sababu zinazohusu meli, magonjwa, sheria na bei zaidi ya zinavyohusu tabia ya ndege mwenyewe.

Cherero ni kasuku wadogo wa Afrika, wenye urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa gramu 50, mkia mfupi na kelele nyingi. Wako aina tisa: nane za bara na moja ya Madagaska. Aliyefika Ulaya mapema kuliko wote ni cherero mwenye kichwa chekundu, ambaye mwanasayansi Linnaeus alimworodhesha mwaka 1758 kutokana na ndege waliotoka pwani ya Guinea, na ambaye pia anaishi Uganda na Kongo. Huyu hutaga ndani ya vichuguu vya mchwa vilivyojengwa mitini, na kwa hiyo alikuwa mgumu mno kuzalishwa tunduni. Wazungu waliishia kuwatazama wakikaa bega kwa bega kijitini mwao, wakichanuana manyoya ya kichwa, na kuwatungia imani kwamba mmoja akifa mwenziwe hufa kwa huzuni. Imani hiyo iliuza ndege wengi. Kilichowaua wengi wao ni baridi, safari ndefu na chakula kibovu, na wawili wanaosafirishwa katika kizimba kimoja wana kila sababu ya kufa wiki moja.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 akaja cherero wa Namibia na Angola, mwenye uso wa rangi ya pichi. Huyu alikubali kutaga kwenye sanduku la mbao. Ufugaji wa ndege wa kigeni ulikuwa umeanza kuwa jambo la watu wenye vyama na majarida: Ujerumani Karl Russ alianzisha jarida lake la ndege wa kufugwa mwaka 1872, na Uingereza chama cha wafugaji wa ndege kikaundwa mwaka 1894. Kwa wafugaji hao, fahari ilikuwa kuzalisha. Ndege aliyetaga, akaatamia siku 23 hivi na kutoa makinda wazima alikuwa ushindi, hata kama hakuna mtu aliyewahi kumgusa. Kumshikashika kungeharibu kazi.

Wakati huo cherero wa Tanzania, ambao leo ndio wanaojaza matundu ya dunia pamoja na yule wa Namibia, walikuwa hawajulikani kabisa nje ya nchi yao.

Aliyewafanya wajulikane ni Gustav Adolf Fischer, daktari Mjerumani aliyefika Zanzibar mwaka 1876 na kujitosa katika misafara ya bara. Mwaka 1883 msafara wake uliotoka Pangani ulifika Naivasha, na hapo Wamaasai wakamzuia asiendelee. Mnara wa mwamba ulioko katika Hifadhi ya Hell's Gate una jina lake hadi sasa. Alirudi tena bara mwaka 1885, safari hii akipitia kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria kumtafuta mpelelezi Wilhelm Junker aliyekwama upande wa juu wa Naili. Hakumpata. Alirejea Ujerumani mgonjwa na akafa Berlin Novemba 1886, akiwa na miaka 38. Mwaka uliofuata Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alitangaza kisayansi cherero wawili wapya: mmoja wa kusini ya ziwa, mwenye shingo ya chungwa na mdomo mwekundu, akampa jina la Fischer, mwingine wa kati ya nchi, mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano. Wapagazi waliobeba mizigo ile yote hadi pwani hawakupata hata ndege mmoja wa jina lao.

Kuna kejeli katika jina la Fischer. Naivasha, mahali Fischer alipogeuzwa, pamejaa leo cherero wanaotokana na ndege wa jina lake na wale wa ukosi wa manjano. Hawakuwa wenyeji wa Kenya. Walitoroka au waliachiliwa kutoka vizimbani, aina zote mbili, wakakutana kwenye migunga ya kando ya ziwa na kuzaliana wao kwa wao hata ikawa vigumu kumtaja mmoja kuwa Fischer au ukosi-njano. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa maelfu, na watafiti walianza kuchunguza namna wanavyogombania matundu ya miti na ndege wenyeji. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi nazo zina vikundi vyao vya wahamiaji wa namna hii.

Nyumbani kwao hakuna aliyewaona kuwa pambo. Cherero wa Fischer anaishi Serengeti, Mwanza, Shinyanga hadi Singida, kwenye mbuga zenye migunga, mibuyu na mivumo, na chakula chake kikuu ni mbegu za nyasi. Lakini uwele na mtama ukikomaa, shamba lililopandwa na mtu ni nyasi nono zaidi. Kundi hutua juu ya masuke na kuyapukusa. Kazi ya kuamia ndege iliwaangukia watoto: kukaa kwenye dungu tangu alfajiri, kupiga debe, kupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Mtoto aliyeamia msimu mzima hakuwa na haja ya kuelezwa kwa nini cherero huruka akiuona mkono wa mtu ukinyanyuka.

Miaka ya 1920 biashara iliwafikia. Aina kadhaa za cherero za mashariki na kusini mwa Afrika zilimiminika Ulaya na Marekani karibu kwa pamoja, na kiasi chake kinatisha hata ukisoma leo. Katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, cherero wenye mashavu meusi wapatao 16,000 walinaswa ndani ya wiki nne mwaka 1929. Eneo la aina hiyo ni dogo, na hadi leo idadi yake haijarudi kuwa ya kujivunia. Utegaji ulikuwa rahisi kwa sababu ndege hawa hulala kwa makundi na hunywa maji kila siku. Anayejua bwawa lao wakati wa kiangazi, akiwa na wavu au ulimbo, hana haja ya kuwafuata.

Mwaka 1927 alitokea ndege mmoja aliyebadilisha mwelekeo wa mambo. Kati ya cherero ukosi-njano walionaswa Tanganyika alikuwamo mmoja asiye na chembe ya manjano: mahali pa kijani palikuwa buluu, na ukosi wake ulikuwa mweupe. Alipelekwa Bustani ya Wanyama ya London. Kasoro hiyo hurithiwa, na wafugaji wakaanza kumwoza yeye na watoto wake kwa hesabu.

Kisha mlango ukafungwa. Majira ya baridi ya 1929 na 1930 homa ya kasuku ilizuka Marekani na Ulaya, ikihusishwa na kasuku waliotoka Amerika ya Kusini. Watu waliugua mapafu na kufa, magazeti yakavuma, na nchi moja baada ya nyingine ikapiga marufuku uingizaji wa kasuku wa kila aina. Januari 1930 Rais Hoover alisaini marufuku ya Marekani, na Uingereza nayo ikatoa amri yake mwaka huo huo. Cherero wa Fischer na ukosi-njano walikuwa wamewahi kuingia kwa miaka michache tu. Waliokuwa ndani ndio waliobaki kuzalishwa, na mtindo wa kufuga ukazidi kuelekea kwenye rangi, vizazi na mashindano.

Hapo ndipo penye kiini cha kinda asiyeshikika. Mfugaji wa rangi anachagua kwa macho. Anataka buluu iliyokolea, umbo kubwa, manyoya safi. Hachagui upole, kwa sababu upole hauonekani kwenye meza ya waamuzi na hauongezi mayai. Kwa hiyo vizazi vilipita tunduni huku woga wa porini ukibaki karibu kama ulivyokuwa. Mbwa amechaguliwa kwa maelfu ya miaka aishi na mtu. Cherero amechaguliwa kwa miaka mia moja hivi, na kwa jambo jingine kabisa.

Jinsi tabia za ndege huyu zilivyo sugu ilidhihirishwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na William Dilger, aliyechunguza cherero miaka ya 1950 na kuchapisha kazi zake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Cherero wa uso wa pichi, jike, hukata vipande virefu vya gome, jani au karatasi na kuvichomeka kwenye manyoya ya kiunoni, halafu huruka navyo hadi kiotani. Wa Fischer hubeba kimoja kimoja mdomoni. Dilger aliwazalisha pamoja. Watoto chotara walikata karatasi vizuri, lakini ilipofika kubeba wakachanganyikiwa: walijaribu kuchomeka wakasahau kuachia mdomo, au walichomeka kikaanguka, au waligeuza shingo nyuma kisha wakabaki wameduwaa na kipande mdomoni. Iliwachukua kama miaka mitatu kutulia kwenye njia ya mdomo, na hata baada ya hapo baadhi yao waligeuza kichwa kidogo kuelekea kiunoni kabla ya kuruka, ingawa hawakuwa na nia ya kuchomeka chochote.

Miaka mitatu, kwa jambo ambalo ndege mwenyewe alikuwa na hamu nalo. Mtu anayelalamika kwamba kinda wake bado anamkimbia baada ya mwezi mmoja angepaswa kulisikia jambo hili mapema, ingawa Dilger hakuwa akiwashughulikia wafugaji wa sebuleni.

Marufuku za homa zilipolegezwa na ndege za abiria zikachukua nafasi ya meli, biashara ya ndege wa porini ilirudi kwa nguvu isiyowahi kuonekana. Tanzania ikawa moja ya nchi zilizouza ndege hai wengi zaidi duniani. Mwaka 1981 karibu kasuku wote waliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, lakini orodha hiyo inadai vibali, haizuii kuuza. Vibali vilitolewa. Mwaka 1987 cherero wa Fischer alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko mwingine yeyote katika biashara ya kimataifa. Mbuga zilizokuwa na makundi makubwa zilibaki na vikundi, na hesabu zilizofanywa miaka ya 1990 zilikadiria idadi iliyobaki kati ya 290,000 na milioni moja. Mapana hivyo ndivyo yalivyo makadirio ya ndege anayehamahama akifuata mvua. Shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, na Tanzania ikasimamisha uuzaji wake halali nje ya nchi.

Ndege aliyenaswa akiwa mtu mzima hafugiki kirahisi. Amekwisha kujua mwewe, nyoka na binadamu, na amejifunza kuwa wote watatu ni maadui. Ila alikuwa rahisi mno kwa bei, na kitu rahisi hakipewi muda. Duka lilimuuza, mnunuzi alimtia tunduni pamoja na mwenzake, na maisha yakaendelea kwa kutazamana.

Kilichobadilisha hali ni ushindani wa wazalishaji wa Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1980. Hawakuweza kushindana kwa bei na ndege wa porini, wakauza kitu ambacho mtegaji hakuwa nacho: kinda aliyelishwa kwa mkono. Makinda waliondolewa kiotani wakiwa na wiki mbili au tatu, macho yakiwa yamefunguka karibuni, wakapewa uji vuguvugu kwa kijiko kilichokunjwa au bomba la sindano kila baada ya saa chache, hadi walipoweza kubangua mbegu wenyewe kwenye wiki ya sita hadi ya nane. Uji ukiwa wa moto kupita kiasi huunguza gole, ukiwa wa baridi haushuki. Ukiingia njia ya hewa kinda hufa palepale. Kazi ilikuwa ngumu na vifo vilikuwa vingi kwa wasioijua. Lakini aliyefaulu alitoka na ndege anayemwona mtu kuwa mzazi, anayelala kwenye mfuko wa shati, na bei yake ilipanda ipasavyo. Kampuni za chakula cha mifugo zikaanza kuuza uji wa unga tayari, na kazi ya wachache ikawa ya wengi.

Sheria zikausukuma mtindo huo mbele zaidi. Marekani ilibana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulizuia uingizaji mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 zuio likawa la kudumu. Cherero wa uso wa pichi alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya CITES mwanzoni mwa 2005, kwa kuwa soko lake lilikuwa limejaa ndege wa kuzalishwa. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai wa kila namna. Kwa mnunuzi wa Ulaya au Marekani aliyezaliwa karibuni, cherero ni kinda mpole aliyetoka kwa mzalishaji, na yeyote asiyeshikika anaonekana kuwa na kasoro.

Hata hivyo mtindo wenyewe umeanza kupingwa, na wa kwanza kuupinga walikuwa wataalamu wa tabia za kasuku. Ndege aliyelelewa na mtu peke yake hukua bila kujua lugha ya ndege. Akibalehe, humchagua mtu mmoja wa nyumba kuwa mwenzi, humtapikia chakula kiganjani kwa mapenzi, na humshambulia kila anayemkaribia mteule wake. Jike hugeuza mto, droo au mfuko wa koti kuwa kiota na kukilinda kwa mdomo. Hutaga mayai yasiyo na mbegu mfululizo hadi mwili unaishiwa kalisi. Baadhi hujinyonyoa. Mwaka 2008 Uswisi ilitunga kanuni zinazotaka kasuku wafugwe angalau wawili. Mwaka 2014 Uholanzi ilikataza kuwatenganisha makinda wa kasuku na wazazi wao kabla hawajaweza kujilisha.

Kwa hiyo kinda wa Uholanzi anayeingia sebuleni leo ni yule yule wa mwanzo wa makala haya: mzima, mchangamfu, aliyefunzwa kuwa ndege na wazazi wake, na asiye na hamu ya kushikwa. Ujuzi wa kumzoesha ulikuwa umeachwa na watu wa bomba la sindano. Sasa unatafutwa upya.

Njia inayokubalika imejengwa juu ya maumbile ya kiumbe anayeliwa na wengine. Macho ya cherero yako pande mbili za kichwa ili aone hatari inayotoka popote, na mkono unaoshuka kutoka juu una umbo na mwendo wa mwewe. Tundu huwekwa ukutani, usawa wa kifua cha mtu, ili upande mmoja uwe salama na ndege asitazamwe kutoka juu. Siku za kwanza mtu huketi karibu akifanya mambo yake, akiongea kwa sauti ya kawaida, bila kumkodolea macho. Baadaye mkono huja na shuke la uwele, kwanza nje ya waya, kisha kwenye kilango, kisha ndani. Ndege ndiye anayeusogelea. Akirudi nyuma, mkono nao hurudi, na kanuni hii ndiyo inayowashinda wengi kwa kuwa inafanana na kushindwa. Kufukuzana ndani ya tundu, kumkamata kwa taulo na kumshikilia mpaka atulie, kama ilivyoshauriwa zamani, huzaa ndege aliyekata tamaa, na anayetazama kwa haraka hudhani huko ndiko kufugika.

Umri una maana. Kinda wa aina nyingi bado ana weusi kwenye shina la mdomo, na kwa miezi hiyo ya mwanzo udadisi wake unashindana na woga. Kengele ndogo, kamba ya kutafuna, kitawi chenye magome humvuta. Asubuhi kabla ya kula, shuke la uwele lina nguvu kuliko jioni. Wapo wanaokuja mkononi ndani ya wiki chache. Wapo wanaochukua mwaka. Wapo wanaokubali kula kiganjani na wasiruhusu kabisa kidole kigusane na manyoya yao.

Afrika ya Mashariki nayo sasa ina wazalishaji wake, Nairobi na Dar es Salaam, wanaouza cherero wa buluu, wa manjano na wa zambarau ambao rangi zao zilienezwa na wafugaji wa ng'ambo kutokana na ndege waliotoka hapa hapa. Anayetaka kumfuga aliyetoka porini hukutana na sheria ya wanyamapori, ya mwaka 2009 Tanzania na ya mwaka 2013 Kenya, zinazodai kibali. Ndege wa mzalishaji hununuliwa mara nyingi wawili wawili, na hapo swali la kuzoeana hubadilika. Cherero wawili wana kila wanachohitaji kwa mwenziwe: kuchanuliwa, kulishwa, kugombana, kulala wamegusana mabega. Mtu anakuwa jirani. Wafugaji wenye uzoefu huanza kwa kumzoesha yule aliye jasiri zaidi kati ya hao wawili, kwa sababu mwoga humtazama mwenzake akila uwele kiganjani bila kudhurika, na baada ya muda husogea hatua moja moja kwenye kijiti, akisimama kila akiona kidole kimetikisika.